Vidokezo vya Kucheza Tamthiliya Kongwe Kasulu na Kibondo

Tamthiliya zetu kubwa tumezikariri kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, basi. Ziliandikwa zichezwe. Mkiwa watu wanane, bila ukumbi wala taa, mnatosha kabisa kuanza.

1. Chagueni tamthiliya yenye umati. Ya kwanza kwangu ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), kwa sababu vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani havikupiganwa na mtu mmoja. Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) inafuata kwa karibu: Bi Moja hadi Bi Nane wanahangaika kusimamisha nguzo kijijini Patata. Msichonge gogo. Nguzo iwe waigizaji watatu walioshikana mabega, wanaoinuka, wanayumba, wanaanguka kwa kishindo. Watazamaji wataisikia miguuni.

2. Msigawane nafasi mapema. Kila mmoja ajifunze maneno ya wote, kisha nafasi ya Kinjeketile ipokezanwe: wa kwanza kabla ya kuingiwa na mzimu Hongo, wa pili akiwa mganga, wa tatu akiwa mikononi mwa Wajerumani. Anayejitanda kaniki ndiye Kinjeketile. Wakati wa kuivua, msikimbilie pembeni. Ivuliwe mbele ya watu, taratibu, mwenzake akiwa ameshanyoosha mikono kuipokea. Hapo hadhira inaona kwa macho kwamba neno lililotoka kwake sasa liko mikononi mwa wengine, hata yeye hawezi kulirudisha.

3. Mto wa Kinjeketile utengenezeni kwa sauti. Maharage makavu, ambayo huku hayakosekani, yamwageni kwenye nyungo mbili tatu na kuziinamisha polepole, huku na huku. Kinjeketile anapovutwa majini, nyungo ziongeze kasi. Akishazama, zinyamaze zote kwa pamoja. Ukimya huo urefusheni hadi watu waanze kutazamana.

4. Mwanamke acheze Kaizari. Mwalimu Nyerere alitutafsiria Juliasi Kaizari ya Shakespeare mwaka 1963, akairekebisha 1969, na hakuna mahali panapofaa zaidi kuijaribu hivyo kuliko Kasulu: utemi wa Heru ulitawaliwa na Mwami Theresa Ntare katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Wazee hawatashangaa kumwona mwanamke kwenye kiti.

5. Umati useme Kiha. Wahusika wakuu wabaki na Kiswahili cha kitabu, ila vilio, minong'ono na ubishi wa watu vitoke kwa lugha ya nyumbani. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo mkiwa na Warundi kati ya watazamaji, watawafuata vizuri. Lakini mashairi ya Mwalimu kwenye Kaizari msiyaguse. Mizani yake ndiyo inayowabeba.

6. Kiangazi, saa kumi jioni. Kati ya Juni na Septemba mvua haiwasumbui na mavuno mengi yameshaingia ndani, lakini jua likizama baridi ya huku juu itawaondoa watu, kwa hiyo malizeni mapema. Watazamaji wakae duara, watoto mbele kwenye mikeka. Mwigizaji asimpe mtu mgongo muda mrefu.

7. Ombeni ruhusa. Muoneni afisa utamaduni wa halmashauri, ulizeni taratibu za Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na kuhusu haki za mwandishi nendeni COSOTA. Shakespeare yuko huru, lakini tafsiri ya Mwalimu bado inalindwa: sheria yetu ya 1999 inahesabu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake.

8. Igizo likiisha, msiondoke. Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao walipofanya kazi ya maigizo Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, mjadala na wanakijiji ulikuwa sehemu ya sanaa yenyewe. Mwacheni aliyekuwa amevaa kaniki mwisho aketi katikati, bado amejitanda, na mumuulize: ungekuwa wewe, ungewaambia watu kwamba maji ya kukinga risasi hayana nguvu? Kisha mgeukieni bibi aliyekaa mstari wa mbele, mumuulize yeye.