Usilale na Jiko la Mkaa: Kijitabu cha Kaya za Shume

Kuanzia Juni hadi Agosti, ukungu ukitanda Shume, kila mtu hukimbilia jikoni. Hapo bibi anaota moto, makande yanachemka, watoto wanasoma. Kuni zipo karibu, matawi ya migrevilea na mikaratusi ya kingoni mwa shamba, wala hazisubiri mtungi wa gesi upandishwe mlimani. Moshi hukausha mahindi darini na kufukuza wadudu. Jivu hurudi bustanini. Moto huu umetulea, hatuubezi.

Lakini usilale na jiko la mkaa ndani. Wengi huamini kuwa mkaa ukishakolea na kuacha kufuka hauna madhara tena. Si kweli. Makaa mekundu hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, huing'ang'ania damu na kushika nafasi ya oksijeni. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, akalegea. Aliyelala hasikii kitu, na huenda asiamke. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango, mtoe nje na umpeleke hospitali mara moja, hata kama amezinduka.

Moshi wa kuni wenyewe hudhuru polepole. Chembe zake ndogo kabisa, zisizofikia mikromita 2.5, hazinaswi puani wala kooni. Hutua ndani ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu. Ndiyo maana mtoto anayebebwa mgongoni wakati wa kupika yumo hatarini kupata nimonia, na mama aliyepika kwenye moshi kwa miaka mingi huweza kupata kikohozi kisichoisha, maradhi ya moyo, hata mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani uliua watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Baba mwenye nyumba, wanaoumia zaidi ni wale wasioulizwa jiko lijengwe vipi. Waulize.

Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mwenye uwezo wa gesi au umeme asingoje. Anayebaki na kuni azipasue na kuzikausha upenuni: kuni mbichi humaliza joto lake kwa kukausha maji yaliyomo, hivyo hufuka badala ya kuwaka. Loweka maharage na mahindi ya makande tangu usiku, funika sufuria, jenga jiko banifu lenye dohani inayotoka nje. Usiwashie moto mifuko ya plastiki. Mtoto mchanga abaki chumba kingine na mtu wa kumwangalia.

Na leo usiku, kabla hujafunga mlango, litoe jiko la mkaa nje, uongeze blanketi.