Kuandika Moja kwa Moja Kwenye Kioo cha Kompyuta



Baadhi yenu mnaosoma lugha ya C mlitujia na malalamiko. Mlinakili kutoka kitabu cha zamani programu ya kuandika jina la madrasa katikati ya kioo, mkaipitisha kwenye kompaila ya DJGPP, nayo ikakatika na kuonyesha neno SIGSEGV. Mkadhani kompyuta ni mbovu. Kompyuta ni nzima, tatizo ni anwani.

Katika hali ya maandishi, kioo kina mistari 25 yenye nafasi 80 kila mmoja. Kila nafasi huchukua baiti 2: ya kwanza ni herufi, ya pili ni rangi yake. Jumla ni baiti 4,000, kuanzia anwani 0xB8000. Ukitia baiti hapo, herufi hutokea papo hapo. (Waliotaka kuandika kwa Kiarabu watusamehe: jedwali la kawaida la kadi hiyo lina alama 256, na alifu haimo.)

Vitabu vile viliandikwa kwa DOS ya kawaida, ambapo programu yoyote iligusa anwani hiyo bila kuuliza. DJGPP hutengeneza programu za hali ya ulinzi, kwa prosesa ya 80386 na zilizofuata. Humo kila programu hupewa eneo lake, na anwani huhesabiwa tangu mwanzo wa eneo hilo. Ni kama kuambiwa "chumba cha tatu": lazima ujue cha nyumba gani. Nyinyi mlitafuta chumba cha jirani ndani ya nyumba yenu. Kama hakimo, programu hukatwa, na hiyo ni afadhali. Programu ikiwa kubwa, chumba kimo, nanyi mtaandika juu ya data yenu wenyewe bila onyo lolote. Kosa la namna hiyo lilitupotezea siku mbili nzima.

Kinachotakiwa ni selekta, yaani ufunguo wa nyumba ile nyingine. DJGPP inayo, huitwa _dos_ds, nayo hufungua megabaiti ya kwanza ambamo kumbukumbu ya kioo imo. Ingizeni go32.h na sys/farptr.h, kisha:

_farpokeb(_dos_ds, 0xB8000 + 2000, 'M');
_farpokeb(_dos_ds, 0xB8000 + 2001, 0x0A);

Hiyo 2000 ni mstari wa 12, nafasi ya 40, tukihesabu kuanzia sifuri: (12 × 80 + 40) × 2. Na 0x0A ni kijani kinachong'aa juu ya weusi.

Picha ya 320 kwa 200 yenye rangi 256 ina baiti 64,000, nayo huanzia 0xA0000. Msizipeleke moja moja. Itayarisheni katika kumbukumbu yenu, halafu ipelekeni yote kwa dosmemput.

Windows za biti 64 haziendeshi programu hizi, kwa hiyo tumieni DOSBox. Jina la madrasa likiwa na herufi 14, lianzieni nafasi ya 33.