Seva ya Muziki Nyumbani: Vidokezo vya Kuanzia

Nyimbo ulizokusanya miaka yote zimetapakaa: nyingine kwenye flashi, nyingine kwenye simu iliyopasuka kioo, na kaseti za mzee ziko kabatini. Zote zinaweza kukaa kwenye kompyuta moja nyumbani, ukazisikiliza kwa simu ukiwa daladalani, bila kumlipa mtu kila mwezi.

1. Usikimbilie dukani. Laptopu kuukuu inatosha. Hata kama betri yake imechoka, mradi bado inashika chaji kidogo, umeme ukikatika haitazimika ghafla, na kuzimika ghafla ndiko kunakoharibu faili. Raspberry Pi 4 nayo inafaa na hula umeme kidogo, ila nyimbo ziweke kwenye diski ya nje, si kwenye kadi ya kumbukumbu.

2. Sakinisha Navidrome. Ni programu ya seva ya muziki, ya bure na isiyo na makuu. Ioneshe folda ya muziki, kisha andika localhost:4533 kwenye kivinjari cha kompyuta hiyo. Kwenye simu tumia Ultrasonic kwa Android, au Amperfy kwa iPhone. Ukitaka na filamu humo humo, tafuta Jellyfin.

3. Sasa majina, na hapa ndipo penye kazi. Seva haijui muziki. Inasoma tu lebo zilizoandikwa ndani ya faili. Ukiwa na “Mlimani Park Orchestra”, “DDC Mlimani Park” na “Sikinde”, itakuhesabia bendi tatu! Chagua jina moja, uliandike kwenye sehemu ya msanii wa albamu. Programu ya MusicBrainz Picard itakusaidia kupanga, lakini kwa muziki wetu wa zamani isimamie, kwani hubahatisha. Angalia pia nyimbo za santuri ndogo zilizogawanywa pande mbili. Usipozipa namba, sebene litatangulia maneno, na hilo halivumiliki.

4. Kaseti zihamishe mapema. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba yenye spiriti, chomeka waya kutoka tundu la hedifoni hadi tundu la kuingizia sauti la kompyuta, kisha rekodi kwa Audacity. Mshale wa sauti usigonge mwisho; sauti iliyopasuka hairekebishiki. Hifadhi kwa FLAC, ambayo haipotezi chochote. MP3 utaitengeneza baadaye ukiihitaji, lakini MP3 hairudi kuwa FLAC halisi.

5. Linda bando. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde hula karibu MB 2.4 kila dakika. Iamuru seva ikutumie Opus ya kilobiti 96, utashuka hadi kama MB 0.7, na kwa kelele za barabarani hutasikia tofauti. Nafuu zaidi ni kupakua albamu usiku kwa Wi-Fi ya nyumbani.

6. Ukiwa mbali, pitia Tailscale. Ruta nyingi za laini ya simu hazina anwani ya intaneti inayofikika kutoka nje, kwa hiyo kuhangaika na mipangilio yake ni kupoteza jioni. Tailscale huiunganisha simu na seva kwa njia iliyofungwa, bila kuwaachia wapita njia mlango wazi.

7. Tafuta diski ya pili. Nakili kila kitu, kisha iweke nyumba nyingine, kwa dada au kwa shangazi. Mwizi akibeba laptopu, mara nyingi hubeba na diski iliyo kando yake.