Safu Nne, Dakika 60: Somo Kutoka Hoki ya Barafuni

Mimi ni mshambulizi wa timu ya magongo hapa shuleni. Muhula uliopita nilinuna kweli kweli kwa kuwa mwalimu wa michezo alikuwa akiniingiza dakika 10 tu. Nilikaribia kurudisha jezi. Ndipo nikaanza kusoma habari za hoki ya barafuni, ile ya kulipwa ichezwayo Marekani na Kanada katika ligi ya NHL. Somo nililolipata sitaki kulila peke yangu.

Mechi yao ina vipindi 3 vya dakika 20. Kila timu huwa na kipa, walinzi 2 na washambulizi 3 uwanjani. Washambulizi hao, yaani wa kati na mawinga wawili, ndio wanaoitwa safu. Kwa kawaida timu huwa na safu 4. Kuteleza kwa kasi juu ya barafu humaliza pumzi upesi, kwa hivyo safu hucheza kama sekunde 45, ikatoka mbio na nyingine ikaingia, mchezo ukiendelea.

Je, kazi zao ni zipi? Safu ya kwanza na ya pili ni za kufunga mabao. Ya tatu mara nyingi huwakaba nyota wa wapinzani. Ya nne huingia kwa nguvu na vishindo ili wenzao wapumue. Nyota hucheza dakika 20 hivi. Wa safu ya nne huenda asifikishe hata 10.

Hapo ndipo kocha huumwa na kichwa. Akiwategemea nyota tu, watachoka kabla ya mwisho. Akigawa dakika sawasawa, wafungaji wake watakaa benchi bure.

Tutazame Pittsburgh Penguins, mwaka wa 2016. Nyota wao walikuwa Sidney Crosby na Evgeni Malkin. Mwezi wa Machi Malkin akaumia, na kocha Mike Sullivan akawaweka pamoja Carl Hagelin, Nick Bonino na Phil Kessel. Malkin aliporudi, safu ile haikuvunjwa. Kumbe wapinzani wakiwakodolea macho Crosby na Malkin, hawa watatu wanapenya! Katika mechi za mtoano Kessel ndiye aliyeongoza timu kwa pointi 22, za mabao na pasi za mabao. Penguins wakawashinda San Jose Sharks mechi 4 kwa 2, wakatwaa Kombe la Stanley. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi nikaona kosa langu. Nilihesabu dakika bila kuuliza kazi yangu ni ipi. Nikamwendea mwalimu, nikamwuliza. Akasema, "Wewe una mbio. Nakuingiza walinzi wao wakishachoka." Kumbe!

Siwadanganyi, benchi bado linaniuma. Lakini sasa nikiwa pale nawatazama walinzi, nione nani ameanza kuhema. Nanyi walimu wetu wa michezo, tafadhalini mtuambie kazi zetu mapema. Si dakika chache zinazotununisha, ni kutojua sababu.