Dondoo Muhimu: Kabla ya Kuitia Injini Sampu Kavu

Mwenye gari anayeazimia kuiondoa sampu ya kawaida, ambamo mafuta hukaa chini ya injini, na kuweka sampu kavu, ambayo pampu huyanyonya mafuta yake na kuyapeleka katika tangi la kando, yampasa ayazingatie haya kabla ya kutoa mali yake.

1. Pima haja kwanza: gari la mashindano, ambalo katika kona kali mafuta hukimbilia upande mmoja na kuziacha beringi kavu, lanufaika, la safari za kila siku aghalabu halihitaji.
2. Ishushe injini, kwani sampu kavu ni fupi na yaruhusu hivyo, na uzito ukiwa chini gari hutulia.
3. Usihesabu thamani ya pampu peke yake. Ongeza tangi, mipira, mkanda na ujira wa fundi hodari.
4. Ukinge mkanda wa pampu na mawe, na uubadilishe mapema, maana ukikatika shinikizo la mafuta hutoweka papo hapo.
5. Zungusha pampu kabla ya kuwasha mara ya kwanza, hata geji ionyeshe shinikizo.
6. Pima mafuta injini ikiwa moto na ingali ikinguruma mahali tambarare, kama ilivyo ada kwa Porsche 911 za zamani; ukipima imezimwa, waweza kujaza kupita kiasi.
7. Beringi zikiharibika, safisha tangi, mipira na kipoza mafuta, ili chembe za chuma zisiiangamize injini mpya.