SOMO LA MATUNZO YA VYOMBO: GARI LISILOTEMBEA NALO LAHITAJI OILI MPYA

Katika kuendeleza elimu kwa watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla, ukurasa huu leo unatoa somo juu ya jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kwa wepesi, nalo ni wakati unaopasa kubadilishwa oili ya injini katika gari linaloendeshwa kwa nadra. Somo linamhusu mwenye gari linalotoka siku ya Ijumaa na siku za harusi na maziko, na vile vile mtumishi aliyekabidhiwa gari la Serikali linalokaa uani wiki nzima likingojea dharura.

Wenye magari ya aina hiyo huwa na hoja moja. Husema: "Oili hii ni ya kilomita 5,000, nami tangu mwaka juzi sijafikisha 2,000, basi bado ni nzima." Hoja hiyo inahesabu kazi peke yake, ilhali oili huchakaa kwa kazi na huchakaa kwa muda pia. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji wa magari hutaja hesabu mbili pamoja, ya kilomita na ya miezi, kisha huagiza ifuatwe ile itakayotangulia kufika.

Sababu zake ni hizi. Petroli inapoungua huzaa maji. Kila lita moja ya petroli hutoa takriban lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Sehemu kubwa ya mvuke huo hutokea kwenye bomba la moshi, lakini kiasi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka chini ilipo oili. Injini ikipata moto barabara, mvuke huo haukai. Joto huufukuza, nao huvutwa nje. Injini ikiwa bado haijapata moto, mvuke hugeuka matone, kama yale tuyaonayo ndani ya mfuniko wa sufuria. Pamoja na matone hayo hushuka petroli isiyoungua, na gesi ambazo zikichanganyika na maji hufanya asidi.

Oili hutiwa dawa za kupambana na asidi, kutu na uchafu. Dawa hizo hutumika na kwisha. Zikisha, asidi hubaki imegusana na beringi na vyuma vyengine usiku na mchana, nalo gari limeegeshwa kivulini.

Hapa Visiwani tatizo hili lina nafasi kubwa, kwa kuwa safari zetu nyingi ni fupi. Mtu atokaye Kikwajuni kwenda kazini Vuga huzima injini kabla oili haijapata moto. Na asidanganywe na mshale wa joto, maana mshale ule huonyesha joto la maji ya rejeta, nayo oili huchelewa nyuma yake.

Mwandishi wa somo hili naye aliwahi kukosea. Alikuwa na gari dogo la petroli, akilitoa siku za Ijumaa na siku za misiba, na kwa miaka mitatu hakubadilisha oili, akiegemea hesabu ya kilomita. Usiku mmoja mke wa jirani alishikwa na uchungu wa kuzaa, likawashwa gari hilo. Taa nyekundu ya oili ilikataa kuzimika, na injini ikaanza kugonga kabla ya kufika barabara kuu. Mama yule alifikishwa hospitali kwa gari la mtu mwengine, naye kwa rehema ya Mwenyezi Mungu alijifungua salama. Fundi alipofungua injini alikuta tope jeusi, zito, limeziba chujio la pampu ya oili. Gharama ya matengenezo ilikuwa mara nyingi zaidi ya bei ya galoni ya oili ambayo mwandishi alidhani anaiokoa.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Afuate kwanza kitabu cha gari lake. Magari mengi yaliyotumika yatokayo Japani hufika bila ya kitabu, au kitabu huwa cha Kijapani. Katika hali hiyo, oili ibadilishwe mara moja kila miezi 12, hata kama kilomita hazikutimia. Ikiwa safari nyingi za gari ni fupi, ibadilishwe kila miezi 6. Filta ya oili ibadilishwe pamoja nayo.

2. Anayetarajia kusafiri na kuliacha gari kwa miezi mingi abadilishe oili kabla ya kuondoka, asingoje kurudi, ili vyuma vilale katika oili safi. Oili ya zamani imwagwe ingali na uvuguvugu, kwani hapo hutoka pamoja na uchafu wake.

3. Asiwe na mazoea ya kuwasha gari dakika tano asubuhi na kulizima. Kufanya hivyo huongeza maji ndani ya injini bila ya kuyakausha. Ni bora gari liendeshwe nusu saa au zaidi, japo mara moja kila wiki mbili, mathali kutoka Mjini hadi Mahonda na kurudi, au kutoka Chake Chake hadi Wete kwa ndugu zetu wa Pemba.

4. Akague kijiti cha kupimia oili kila mwezi, gari likiwa limesimama pahala pa sawa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na pengine ni maji ya rejeta. Gari lisiendeshwe mpaka fundi alitazame. Oili iliyopanda juu ya alama bila ya kuongezwa, au inayonuka petroli, ibadilishwe bila ya kungoja tarehe, na sababu yake itafutwe. Ama weusi wa oili katika injini ya dizeli ni jambo la kawaida.

Utaratibu huu unahusu pia majenereta ya akiba. Wakaazi wa Unguja wanakumbuka jinsi umeme ulivyokosekana Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Jenereta lililowekwa kwa ajili ya siku kama zile linahitaji oili iliyo hai, ijapokuwa saa zake za kazi ni chache.

Oili chafu isimwagwe chini wala mitaroni. Ardhi yetu kwa sehemu kubwa ni ya mawe ya matumbawe, ambayo hupitisha maji upesi, na maji ya visima vyetu yapo chini yake. Itiwe katika galoni lenye kifuniko na ipelekwe kwenye karakana inayokusanya oili chafu.

Mwisho, wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mtumishi aliyekabidhiwa gari la wagonjwa au la zimamoto, kitabu cha safari kiwe na nafasi ya kuandika tarehe ya kubadilisha oili, kando ya kilomita. Kwa mwenye gari lake, kikadi kimoja chini ya boneti kinatosha. Msomaji asiyeweza kuitaja tarehe ambayo oili ya gari lake ilibadilishwa mara ya mwisho aichukulie kuwa muda wake umekwisha, na aibadilishe wiki hii, kabla hajabishiwa hodi usiku.