Tukienda Lamu: Upepo, Maji na Maneno

Chamani kwetu kumezuka suala zito: safari ya Lamu iwe Agosti au Desemba? Wanachama wamegawanyika, na mwenyekiti amenitaka niandike jinsi safari ya kisiwani inavyopangwa ili watu wapige kura wakijua wanachokipigia.

Tuanze na upepo. Sisi watu wa bara tukipanga safari twauliza nauli tu, lakini pwani wanauliza kwanza upepo gani unavuma. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, na bahari aghalabu hutulia. Kuanzia Aprili huja kusi pamoja na mvua za masika, na hiyo kusi hushika kasi sana Juni, Julai na Agosti. Wakati huo ufuo wa Shela, unaotazama bahari kuu, huwa na mawimbi makali. Kwa hivyo, kwa hoja ya upepo peke yake, Desemba ingeshinda bila ubishi.

Lakini Desemba wenzetu wa Kidato cha Nne watakuwa wamemaliza KCSE na kutawanyika. Hao ni karibu nusu ya chama, na ndio walioanza kuchanga shilingi 50 kila wiki tangu wakiwa Kidato cha Tatu. Je, pesa zao zitupeleke sisi? Mimi naona si haki. Maoni yangu ni twende Agosti, ila tuache kabisa mambo ya kuogelea Shela na mashua za bahari kuu. Mkondo ulio kati ya Lamu na Manda umekingwa na visiwa, wala hauna vurugu kama nje.

Ndani ya Manda kuna magofu ya Takwa, mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17. Hapo ndipo hesabu inapoingia. Mashua hufika Takwa kupitia mkono wa bahari wenye mikoko, na maji yakipwa, mashua hukwama matopeni. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Basi yakijaa saa nne asubuhi Jumatatu, Alhamisi yatajaa karibu saa sita u nusu mchana. Hebu jaribu mwenyewe hesabu ya Jumamosi. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu kuna bamvu, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu. Kwa hiyo tarehe ya Takwa tusiichague kwa kalenda ya ukutani pekee. Tumwulize nahodha.

Njia ni ndefu: Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, kisha boti. Wazazi wengi wanaogopa barabara hiyo tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, na hofu yao tusiicheke. Mwalimu mlezi apate habari za usalama kutoka kwa polisi kabla hatujalipa hata senti. Tusafiri mchana. Pia tukumbuke sisi ni wa shule ya kutwa. Wengine wetu hawajawahi kulala nje ya kwao, sembuse siku nne!

Mjini hatuhitaji gari. Vichochoro ni vyembamba, punda ndio wachukuzi. Ukisikia nyuma yako mtu akipiga kelele upishwe, bana ukutani. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821. Katika makumbusho kuna siwa ya Pate, pembe kubwa ya ndovu iliyochongwa, iliyokuwa ikipulizwa katika sherehe za watawala. Maji ya mji hutoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, kwa hivyo tuoge kwa ndoo na kwa kiasi. Nguo ziwe za heshima, na tusimpige mtu picha kabla ya kumwomba.

Sasa faida ya masomo. Lahaja tunayoisoma darasani kama orodha, Kiamu, tutaisikia sokoni. Palipo na "ch" yetu, mara nyingi wao wana "t": macho ni mato, nchi ni nti, mchele ni mtele. Njoo ni ndoo, njia ni ndia, njaa ni ndaa. Maji ni mai, moja ni moya, jana ni yana. Kwa hivyo ukiambiwa "ndoo", usikimbilie kisimani, unaitwa! Bi Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, alitumia Kiswahili cha huko huko. Ukishazoea sauti hizi, beti zake hazitakutisha tena mtihanini.

Kila mwanachama aje na daftari dogo la maneno. Kura itapigwa Ijumaa ya kwanza ya muhula ujao, saa kumi kamili, chumba cha 3B. Wa Kidato cha Nne wakichelewa kwa sababu ya majaribio, tutawangoja.